Rangi ya bei mbaya

Wiki hii mambo ya wapenzi na disko tuyaweke kando. Tuzungumze kuhusu mbwa. Usicheke! Nazungumzia Chihuahua, kile kijibwa chenye masikio makubwa ambacho mabibie wa Ulaya na Marekani hukibeba kwenye mkoba kama poda. Asili yake Mexico, na uzito wake kwa kawaida haupiti kilo 3.

Huyu bwana rangi zake ni vituko. Utamkuta mweusi, krimu, mwekundu, wa kijivu wanayeiita bluu, mpaka wa madoadoa. Lakini nikupe siri: mbwa wote duniani wana rangi mbili tu, nyeusi na nyekundu. Hayo mengine ni mapishi. Bluu ni nyeusi iliyotiwa maji. Krimu ni nyekundu iliyopauka. Nyeupe ni pale rangi ilipogoma kabisa.

Mpishi ni jeni. Kila mtoto huchukua nusu kwa baba, nusu kwa mama. Ndiyo maana baba na mama weusi tii wanaweza kuzaa mtoto wa bluu: wote wawili walikuwa wameificha. Hapo hakuna aliyetoka nje ya ndoa, msianze kutoana macho!

Sasa tuje kwenye noma yenyewe. Kuna rangi inaitwa mele. Mbwa anakuwa na mabaka kama jiwe la marumaru, na pengine jicho moja la bluu. Bomba kweli! Wauzaji wengine humnadi kama "rangi adimu", bei inapaa, na wenye mshiko wanapigania.

Jeni yake iligunduliwa mwaka 2006. Mbwa akirithi mele kwa mzazi mmoja tu, mara nyingi anadunda zake salama. Akiirithi kwa wote wawili, ndipo balaa linapoanza. Rangi inafutika, anatoka mweupe karibu mwili mzima, na anaweza kuzaliwa kiziwi, kipofu, au vyote viwili. Unajua kwa nini? Chembe zinazotengeneza rangi zina kazi pia ndani ya sikio na kwenye jicho. Zikikosekana huko, mitambo inazima.

Piga hesabu. Mele kwa mele, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kupata dozi mbili. Hiyo ni bahati nasibu ambayo anayelipa ni kijibwa kisicho na kosa.

Utasema, "Basi si nisiwakutanishe wawili wenye mabaka, yaishe?" Taratibu, mshkaji. Mele huvuruga rangi nyeusi tu. Mbwa wa krimu, asiye na unywele mweusi hata mmoja, anaweza kuibeba na usione kitu. Unamkutanisha na mwenye mabaka ukijua umecheza salama, kumbe umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Pengine hata muuzaji hajui!

Ndiyo maana kule Uingereza The Royal Kennel Club haiandikishi Chihuahua wa mele, na shirikisho la kimataifa la FCI linakubali rangi zote za mbwa huyu isipokuwa hiyo. Kiwango cha Marekani bado kinasema rangi yoyote ruksa.

Dawa ipo, na ni rahisi: kipimo cha jeni. Unapitisha kijiti cha pamba ndani ya shavu la mbwa, unapeleka maabara, siri yote inafichuka. Mzazi mmoja akiwa nayo, mwenzake lazima asiwe nayo. Basi.

Kwa hiyo siku ukionyeshwa kijibwa cha marumaru ukaambiwa ni adimu, usianze na bei. Omba majibu ya vipimo vya baba na mama. Muuzaji akianza kujiumauma, funga pochi yako uondoke. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Wewe uliza vimeundwaje.

Tukutane wiki ijayo!