Gesi yaingia majikoni, wasionusa wasahauliwa

Serikali za Afrika Mashariki zinawahimiza wananchi waachane na kuni na mkaa. Mwezi Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati unaolenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na Kenya ilikwishaiondolea gesi ya kupikia kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2023. Ni hatua za kupongezwa. Hata hivyo, usalama wa mtungi hutegemea sana pua ya mpishi. Gesi yenyewe haina harufu ya kutambulika kwa urahisi. Uvundo wake huongezwa makusudi ili ikivuja ijulikane mapema.

Wapo wasioweza kuusikia uvundo huo. UVIKO-19 ndio ulioitangaza hali hiyo, ingawa mafua ya kawaida yalikuwa yakiisababisha tangu zamani. Mwaka 2020 watafiti walibaini kwamba virusi vya korona hushambulia hasa seli zinazozihudumia neva za kunusa, si neva zenyewe, jambo linalosaidia kueleza kwa nini wengi hupona baada ya wiki chache. Wengine hubaki bila kunusa kwa miezi, au kahawa huwanukia kama kitu kilichoungua. Pigo la kichwani, mathalani katika ajali ya bodaboda, ni zito zaidi: nyuzi za neva zinazopenya mfupa mwembamba ulio juu ya pua huweza kukatika. Uzee nao hupunguza uwezo huo, na ugonjwa wa Parkinson huweza kuanzia puani miaka kadhaa kabla ya mikono kutetemeka.

Tiba hufuata chanzo. Vinyama vya puani hutibiwa kwa dawa za steroidi za kupuliza, au kwa upasuaji. Kwa walioathiriwa na virusi, hupendekezwa mazoezi ya kunusa ambayo Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, waliyachapishia matokeo mwaka 2009: waridi, mkaratusi, limau na karafuu, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Si wote wanaopona. Lakini gharama yake ni ndogo, na karafuu inavunwa hapa hapa, Pemba.

Kwa ambao pua haijarejea, ipo king'ora cha kutambua gesi, kwa mwenye uwezo wa kukinunua. Asiye nacho hupaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi na maungio yake. Panapovuja hutokota mapovu.