Marekani: Gallo yanunua washindani, wauza zabibu wa California wabanwa

Kampuni ya familia ya Gallo, yenye makao Modesto, jimboni California, ndiyo inayotengeneza divai nyingi kuliko zote duniani. Ndugu wawili, Ernest na Julio, waliianzisha mwaka 1933, marufuku ya pombe ilipoondolewa Marekani. Divai yake nyingi ni ya bei ndogo, na ili kujaza chupa hizo inanunua zabibu za wakulima wengi wa jimbo hilo.

Kwa mkulima hiyo ni neema, mpaka siku ya kupatana bei. Januari 2021, Gallo ilichukua majina zaidi ya 30 ya divai ya Constellation, mshindani wake, kwa dola milioni 810. Serikali kuu ilikuwa imekataa sehemu ya biashara hiyo, hasa divai yenye povu na brandi, ili kumlinda mnywaji. Muuza zabibu, yeye, alibaki na mlango mmoja pungufu wa kubisha.

Sasa Wamarekani wamepunguza kunywa divai. Zabibu zilizokamuliwa California mwaka 2024 zilikuwa chache kuliko mwaka wowote katika miaka 20. Nyingine ziliachwa shambani kwa kukosa mnunuzi, na kuna wanaong'oa mizabibu. Mzabibu si mahindi: ukiupanda leo, unangoja miaka mitatu hivi ndipo uvune, na bei ya siku hiyo huijui.