Wanawake wa Masisi na Walikale washike kamera wenyewe

Kamera zimefika Masisi na Walikale mara nyingi. Mwaka 2010 filamu ya Frank Piasecki Poulsen wa Denmark, Blood in the Mobile, ilionyesha ulimwengu mgodi wa kasiterite wa Bisie, Walikale. Rubaya, Masisi, nayo inajulikana kwa koltani. Katika picha nyingi za namna hii, mwanaume anachimba au anashika bunduki. Mwanamke anaonekana akilia: amekimbia vita, ama amebakwa. Akimaliza kulia, kamera inafungwa.

Picha hiyo si uongo, ila ni nusu ya ukweli. Mama anayelima maharagwe na viazi kwenye milima ya Masisi, anayebeba mzigo kwa kamba ya kichwani, anayeuza chakula karibu na mgodi, ndiye anayelisha jamaa. Kazi yake haipigwi picha kwa kuwa inahesabiwa kuwa si habari.

Mwaka 1975 Mbelgiji Chantal Akerman alikataa hesabu hiyo. Katika filamu yake Jeanne Dielman, kwa zaidi ya saa tatu, kamera inamtazama mjane wa Brussels akimenya viazi, akiosha vyombo, akitandika kitanda. Mwaka 2022 wahakiki walioulizwa na jarida la Uingereza Sight and Sound waliichagua kuwa filamu bora kuliko zote. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kazi ya mwanamke kushika nafasi hiyo. Kama viazi vya Brussels vinastahili saa tatu, vya Masisi vinakosa nini?

Uasi wa aina hiyo umeshaanza karibu, Goma. Mholanzi Joris Postema alipotoa Stop Filming Us mwaka 2020, Bernadette Vivuya, mwandishi wa habari wa Goma aliyeonekana ndani yake, hakubaki mbele ya kamera tu. Mwaka 2022 yeye na Kagoma Twahirwa walitoa jibu lao, Stop Filming Us But Listen, wakizipanga upya picha za Postema kwa macho ya Wakongomani.

Wapo watakaouliza: watu wanakimbia risasi, na nyinyi mnaongea sinema? Swali hilo ni la haki. Lakini misaada inaombwa kwa picha, na mama asiyekuwa na sauti juu ya picha yake hana sauti juu ya msaada unaoombwa kwa jina lake.

Basi mashirika yanayolipa wapiga picha wa kigeni yafundishe pia wasichana wa Masisi na Walikale. Filamu ionyeshwe kijijini, kwa Kiswahili, mbele ya kupelekwa Ulaya. Na mama aliyebakwa awe na haki ya kuficha uso wake, na haki ya kupigwa picha akicheka, akibishana bei sokoni.