Eti sarafu ya Vietnam ni "kopi ya Mchina"?

Juzi jioni, pale tunapokunywa kahawa baada ya kurasa kwenda mtamboni, niliingia kwenye ubishi ambao bado umenikaa rohoni. Jamaa yangu mmoja wa dawati la uchumi, msomi kabisa mwenye shahada yake, alikuwa anatamba kwamba nchi ndogo hazijawahi kuwa na fedha zao wenyewe. Zote, alisema, zilichukua za wakubwa zikabadilisha jina. Mfano wake ukawa Vietnam. "Sarafu yao ya kwanza ni kopi ya Mchina," akasema. "Duara, tundu la mraba katikati, maandishi ya Kichina. Kama zile simu za Kariakoo tu."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka kidogo, nisidanganye. Halafu nikiwa kwenye daladala nikaanza kukasirika.

Nikasirike kwa nini, mtu wa Dar, kwa habari za Vietnam? Kwa sababu hoja hiyo naijua. Ndiyo hiyo hiyo tuliyofundishwa juu ya pwani yetu: Kilwa ni ya Waarabu, misikiti ya Waajemi, maandishi ya wageni, wenyeji walikuwa wanatazama tu. Wakikwambia hivyo tangu utotoni, ukikua unakuwa hodari wa kuwaambia wengine. Kwa hiyo leo nampa jamaa yangu jibu lake hapa, maana pale barazani alikuwa anapiga kelele kuliko mimi.

Kwanza hili la umbo. Kama sarafu inaacha kuwa ya kwako kwa sababu umbo lake lilibuniwa na mwingine, basi Waingereza nao hawana sarafu. Kipande cha madini chenye alama ya mtawala kilianza kwa Walydia huko Asia Ndogo, karne ya 7 kabla ya Kristo, wakati huo hata hilo jina Uingereza halijazaliwa. Mbona hatusikii mtu akisema pauni ni kopi ya Walydia? Neno "kopi" lina watu wake maalumu wa kupachikwa.

Sasa twende kwenye historia yenyewe. Mwaka 111 kabla ya Kristo majeshi ya nasaba ya Han yaliteka kaskazini mwa nchi tunayoiita leo Vietnam, na utawala wa China ukakaa pale, ukikatizwa na maasi ya hapa na pale, kwa karibu miaka elfu moja. Elfu moja, ndugu zangu. Sisi ukoloni wa Mjerumani na Mwingereza kwa pamoja haukufika 80 na bado tunaugua. Katika muda wote huo sarafu zilikuwepo sokoni, lakini za watawala: kwanza zile za Wu Zhu zilizoanza mwaka 118 kabla ya Kristo, baadaye Kaiyuan Tongbao ya nasaba ya Tang iliyoanza mwaka 621.

Je, wenyeji hawakujua kuyeyusha shaba? Thubutu! Hawa ni watu wa utamaduni wa Đông Sơn, waliotengeneza ngoma kubwa za shaba nyeusi zenye picha za ndege na mashua, karne nyingi kabla Mhan hajafika. Mwaka 43, jemadari Ma Yuan alipokwisha kuzima maasi ya akina dada Trưng, kumbukumbu za Wachina wenyewe zinasema alizichukua ngoma za shaba za wenyeji akazitumia kusubu sanamu ya farasi. Sasa hapo nani alihitaji kufundishwa shaba? Ujuzi ulikuwepo. Kilichokosekana ni ruhusa, na watu waliotawaliwa hawapewi ruhusa ya kuandika jina la mfalme wao kwenye fedha.

Ruhusa hiyo walijitwalia wenyewe. Mwaka 938 Ngô Quyền aliipiga meli za Han ya Kusini kwenye mto Bạch Đằng, kwa mbinu ya magogo yenye ncha za chuma yaliyosimikwa chini ya maji: maji ya bahari yalipokupwa, meli zikachomeka. (Mtu wa pwani anaelewa raha ya hadithi hii.) Lakini alifariki mwaka 944, na muda si mrefu nchi ikagawanyika kwa wababe 12, kila mmoja na ngome yake. Aliyewamaliza ni Đinh Bộ Lĩnh, ambaye masimulizi yanasema utotoni alichunga nyati akicheza vita na wenzake kwa bendera za matete. Mwaka 968 akajitangaza mfalme mkuu wa nchi aliyoiita Đại Cồ Việt, makao yakiwa Hoa Lư, katikati ya vilima vya mawe ya chokaa. Alikuwa mkali kupita kiasi: uani kwake aliweka sufuria kubwa ya kuchemshia watu na zizi la chui, waliovunja sheria wajue pa kwenda. Sitaki mtu afikiri namtetea. Namtetea sarafu yake.

Mwaka 970 akatangaza jina la enzi yake, Thái Bình, yaani amani kuu. Na sarafu ya kwanza ya taifa hilo ndiyo inayobeba jina hilo: Thái Bình Hưng Bảo, tuseme "hazina ya ustawi ya Thái Bình". Ni kadogo, upana wake hauzidi sana sentimita mbili, kembamba, hakana ule unadhifu wa sarafu za Tang. Jamaa yangu angekashika angesema "feki".

Lakini hebu tukageuze. Nyuma ya baadhi ya sarafu hizo kuna herufi moja tu: Đinh. Jina la ukoo. Wachina walipoandika kitu nyuma ya sarafu zao, kama Tang walivyofanya mwaka 845, waliandika jina la mji zilikosubiwa. Hilo ni jambo la karani, kujua mzigo umetoka karakana ipi. Huyu wa Hoa Lư aliandika jina la nyumba yake, kwa maandishi yale yale ya wale waliomtawala babu yake, akawaambia wababe waliobaki na Wachina pia: hapa pana mwenyewe.

Na lile jina Thái Bình? Hapa ndipo wasomi wa barazani huteleza. Mfalme wa pili wa nasaba ya Song naye alitoa sarafu zenye maneno hayo hayo, kwa Kichina Taiping, kwa hiyo ukiziona pamoja utaapa kwamba mdogo amemwiga mkubwa. Angalia miaka. Enzi ya Taiping ya Song ilianza mwaka 976. Ya Đinh ilianza mwaka 970. Maneno yenyewe ni ya zamani na yalikwisha kutumiwa na wafalme wengine wa China, sikatai. Lakini katika hili alianza Hoa Lư, Song wakafuata miaka 6 baadaye. Kopi gani inatangulia asili yake?

Kopi halisi nitakuonyesha. Korea ilitoa sarafu yake ya kwanza mwaka 996, na mbele yake ikaweka maneno ya sarafu ya Tang kama yalivyo, ikaongeza nyuma tu kwamba hii ni ya Nchi ya Mashariki. Na hata hao Wakorea siwacheki. Kila mtu anaanza alipo.

Kuna ubishi mwingine ulio na akili zaidi, nauheshimu. Kitabu kikuu cha historia ya nchi hiyo, Đại Việt sử ký toàn thư, kilichokusanywa na Ngô Sĩ Liên mwaka 1479, hakisemi kwamba Đinh alisubu fedha. Kinachoandika ni mwaka 984, kwamba Lê Hoàn alisubu fedha za Thiên Phúc. Huyu ndiye aliyekalia kiti baada ya Đinh Bộ Lĩnh kuuawa mwaka 979, na mwaka 981 akawarudisha Song walikotoka. Kwa hiyo, wanasema, sarafu ya kwanza ni ya 984. Mimi ni mwandishi wa habari, naishi kwa maandishi, lakini hapa nashika upande wa shaba. Kitabu kimeandikwa miaka 500 baadaye. Sarafu ina jina la enzi iliyokoma mwaka 980 na ina jina la ukoo uliong'olewa mwaka huo huo. Nani mwingine angesubu fedha yenye jina la ukoo wa watu walioanguka? Na sarafu ya Lê Hoàn, Thiên Phúc Trấn Bảo, nyuma yake kuna nini? Lê. Jina la ukoo tena. Desturi hiyo aliikuta kwa mtangulizi wake.

Nao wazalendo wasifurahi mapema, maana wapo wanaotaka kuisogeza sarafu ya kwanza nyuma mpaka kwa Lý Bí, aliyejitangaza mfalme mwaka 544. Lý Bí alikuwa shujaa wa kweli, lakini hakuna sarafu inayokubalika kuwa yake. Ushujaa hausubu fedha kwa nguvu za matumaini. Ukidai usichonacho, unampa mwenye kejeli sababu ya kukucheka hata kwa kile ulicho nacho mkononi.

Nikubali pia pale jamaa yangu alipo na haki. Sarafu za Hoa Lư hazikuzifukuza sokoni zile za China. Akiba za fedha za zamani zinazofukuliwa Vietnam zimejaa sarafu za Kichina, hasa za Song, zile za kienyeji ni chache. Mama muuza samaki wa karne ya 11 hakujali jina la ukoo lililo nyuma. Alijali uzito, na kama mwenzake atapokea. Lakini Japani je? Ilianza kutoa fedha zake mwaka 708, ikaacha baada ya toleo la mwaka 958, halafu kwa karne kadhaa ikaendesha biashara kwa sarafu za Kichina. Yaani Japani inafunga karakana yake ndipo Vietnam inafungua ya kwake. Hakuna anayesema Japani ilikuwa mkoa wa China. Nani anayesubu na fedha gani inayotembea sokoni ni maswali mawili, na jamaa yangu aliyachanganya. Waviet waliyashughulikia moja moja: mwaka 1226 nasaba ya Trần iliamuru kwamba kwa matumizi ya raia tiền moja ihesabiwe sarafu 69, kwa malipo ya serikali 70. Sarafu inaweza kuwa ya yeyote, lakini hesabu tunapanga sisi.

Sasa nirudi nyumbani kidogo, kwa sababu jamaa yangu ni mtu wa Kusini na Kilwa anaijua. Masultani wa Kilwa walitoa sarafu zao za shaba kwa maandishi ya Kiarabu, upande mmoja maneno ya kumtegemea Mungu, upande wa pili jina la sultani, na pande mbili hizo zina kina kama shairi. Moja ilikutwa Zimbabwe Kuu, tano kwenye kisiwa cha kaskazini mwa Australia mwaka 1944. Nazo ni kopi ya Mwarabu? Akijibu ndiyo, aseme hivyo akiwa amesimama Kilwa Kisiwani, nami nitamlipia nauli. Na mwaka 2013 watafiti walifukua kisiwani Manda, Kenya, sarafu ya Kichina yenye jina la Yongle. Huyo Yongle ndiye aliyetuma majeshi kuiteka Vietnam mwaka 1406, wakakaa miaka 20 hivi mpaka Lê Lợi alipowatoa. Mwaka 1428 Lê Lợi akatawazwa, na mwaka huo huo akatoa sarafu yake, Thuận Thiên Nguyên Bảo. Duara, tundu la mraba katikati, maandishi ya Kichina. Baada ya vita vyote vile hakuona haja ya kubadili tundu.

Mpaka leo fedha ya Vietnam inaitwa đồng, neno lenye maana ya shaba, na lenyewe lina asili ya Kichina. Kama sisi tunavyosema fedha, neno la Kiarabu, tukimaanisha madini na pia kilicho mfukoni.

Nilimweleza jamaa yote haya jana, pale pale kwenye kahawa. Akanyamaza, akajipapasa mifuko, akaniuliza kama nina hela ndogo ndogo. Nikamwambia hilo neno "hela" ni Heller, la Mjerumani. Kahawa nimelipa mimi.