KOMPYUTA NYUMBANI: Kuweka na Kuondoa Programu katika Linux



Ndugu wasomaji, tangu Microsoft iliposimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, wazazi kadhaa wametuuliza wafanyeje na kompyuta ambazo bado ni nzima lakini haziwezi kupokea Windows 11. Wengine wamekwisha kuwekewa Linux na vijana wao, hasa ile iitwayo Ubuntu, jina lililotoka Afrika Kusini na ambalo ni ndugu wa neno letu "utu". Swali linalofuata huwa ni hili: programu zinapatikana wapi, na zisipotakiwa zinaondolewaje?

Aliyezoea Windows hukimbilia kwenye intaneti, akapakua faili kutoka tovuti asiyoijua mwenyewe wake, kisha akaibonyeza mara mbili. Mazoea hayo tuyaache. Ubuntu ina bohari yake yenye maelfu ya vifurushi. Ndani ya kila kifurushi mna programu, pamoja na orodha ya vifurushi vingine ambavyo programu hiyo haiwezi kufanya kazi bila hivyo. Mtunza bohari huitwa apt, na Ubuntu ilimrithi kutoka kwa Debian, mradi ulioanzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock, aliyeunganisha jina la mchumba wake Debra na lake mwenyewe. Apt huhakiki saini ya bohari kabla ya kuiamini, na ukiomba kitu kimoja hukuletea na vyote kinavyovitegemea.

Tuchukue mfano wa fonti ya Amiri, inayowafaa sana walimu wanaochapa kazi za madrasa kwa Kiarabu. Aliyeitengeneza ni Khaled Hosny, akihuisha herufi za matbaa ya Bulaq ya Cairo za mwanzo wa karne ya 20. Fungua terminali, uandike mistari hii miwili, kila mmoja ukiufuatisha kwa Enter:

sudo apt update
sudo apt install fonts-hosny-amiri

Mstari wa kwanza huleta orodha mpya ya bohari tu, wala haubadilishi programu yoyote. Wa pili ndio unaoleta kifurushi. Neno sudo huomba mamlaka ya msimamizi, hivyo utaulizwa neno la siri. Unapoliandika huenda usione herufi wala nyota (wengi hudhani kibodi imeharibika), lakini linapokelewa.

Kuondoa ni kubadilisha install kuwa remove. Ukiandika purge badala yake, hata mipangilio ya programu hiyo iliyohifadhiwa katika mfumo hufutwa. Nyaraka zako zilizomo katika folda yako ya nyumbani haziguswi na amri zote mbili. Baadaye sudo apt autoremove hufagia vifurushi vilivyoletwa kwa kufuata vingine na ambavyo havitegemewi tena.

Hayo yote tuliyajua, na bado tulijikwaa. Ilikuwa Ijumaa moja ya mwezi wa Shaabani, na Jumamosi asubuhi watoto wa madrasa walikuwa na mtihani ambao karatasi zake, kurasa 14, zilikuwa ndani ya kompyuta yetu, hazijachapwa. Diski ilikaribia kujaa. Tukaona kifurushi kiitwacho python3, na kwa kuwa tulifahamu kuwa Python ni lugha ya waandishi wa programu, nasi hatuandiki programu, tukaamua kiondoke. Apt ikatuonyesha aya nzima ya majina ya vitakavyoondolewa, na chini yake kiasi cha nafasi kitakachopatikana. Tukaitazama nafasi, ikatufurahisha, tukabonyeza Y.

Tulipoiwasha upya, hapakuwa na picha wala menyu. Kioo cheusi tu, na maandishi yanayotaka jina na neno la siri. Sehemu nyingi za Ubuntu yenyewe zinaitegemea Python, na apt, kwa uaminifu wake, iliviondoa vyote vilivyokuwa juu ya kile tulichokikataa.

Baada ya Isha alikuja kijana mmoja wa msikitini kwetu na waya wa intaneti. Aliingia kupitia kioo kile kile cheusi, akafungua faili /var/log/apt/history.log, ambamo apt huandika kila ilichokiweka na kila ilichokiondoa, akatusomea majina. Kisha akasema kwa adabu, "Maalim, kompyuta ilikuuliza, nawe ukaijibu ndiyo." Hatukuwa na la kusema. Aliandika sudo apt install ubuntu-desktop, tukakaa kungoja hadi usiku mwingi. Karatasi za mtihani tulizikuta salama, tukazichapa baada ya Alfajiri.

Kijana huyo alituachia amri moja ambayo hatukuwa tukiitumia:

apt -s remove python3

Herufi ile s huifanya apt ionyeshe yatakayotokea bila kuondoa chochote, wala haihitaji neno la siri. Tuliijaribu siku ile ile ya Jumamosi, baada ya mtihani. Majina yalikuwa mengi hata kioo hakikuyatosha, na miongoni mwao lilikuwamo ubuntu-desktop, limeandikwa wazi kabisa.