Sigara moja moja, pale mwaroni

Ndugu mwandishi, umeandika juu ya pakiti za sigara, lakini hapa kwetu Makobola, kando ya ziwa, mtoto wa masomo hanunui pakiti. Ananunua moja, kwenye meza ya mama anayeuza na pipi, na kibiriti anaazimwa bure. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani kuhusu tumbaku, ambao Kongo iliuridhia mwaka 2005, unazitaka serikali zijitahidi kuzuia uuzaji huo wa moja moja. Nani amekuja kumwambia yule mama? Naye ana watoto wa kulisha, simlaumu sana.

Halafu kuna ziwa. Usiku wa giza vijana wa miaka 13 au 14 wanatoka na mitumbwi kuvua ndagala kwa taa, wanapewa sigara ili wasisinzie na baridi isiwashike. Asubuhi wako darasani, macho mekundu, mwalimu anadhani ni bangi. (Pengine ni bangi kweli, hizo mbili hazikai mbali.) Mimi mwenyewe nilianza hivyo, ndani ya mtumbwi, nikaja kuacha nikiwa na watoto wanne. Uchunguzi wa 2008 kuhusu vijana na tumbaku uliwauliza wanafunzi wa Kinshasa na Lubumbashi. Hawa wetu wa mwaroni, ambao wengine wameshaacha masomo, karatasi ya maswali ingewakuta wapi?