Mkwe Anapoomba Jina Lako

Wiki hii nataka tuketi wewe nami tuseme habari ya mkwe wako. Binti yako ameolewa ng'ambo ya mpaka, labda Taveta, labda Isebania. Mumewe ni kijana mwema, hodari wa kazi, tena ana fedha kidogo. Msimu wa mavuno umefika, naye amekuja kwako na heshima zake zote, akasema: "Baba, nataka kununua mahindi na maharagwe huku kwenu, na kufungua duka pale njia panda. Leseni tuiandike kwa jina lako. Fedha zangu, jina lako, na faida tutagawana."

Utamjibuje? Baba mmoja ameniuliza neno hili hili, naye alikuwa karibu kutia sahihi. Usitie sahihi kabla ya kusoma habari hii hadi mwisho.

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya kila siku: kuingia nchini, kukaa nchini na kufanya kazi, na kufanya biashara fulani. Kila moja lina hati yake. Hati ya kwanza haikupi ya pili, wala ya pili haikupi ya tatu.

Kuingia ni rahisi kwa mkweo. Raia wa Kenya hahitaji viza kuingia Tanzania. Hupigiwa muhuri mpakani bila kulipa, akatembea, akawaona wakwe zake, akaulizia bei sokoni. Mgeni wa mbali ndiye anayelipa viza: ya kawaida dola 50, na ya biashara dola 250 kwa muda usiozidi miezi mitatu. Viza hiyo ya biashara ni ya shughuli ya muda mfupi. Haimpi mtu duka.

Kukaa na kufanya kazi ni jambo jingine. Mgeni mwenye mtaji wake hupata kwanza kibali cha kazi, kwa sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni, kisha kibali cha ukaazi cha daraja A kutoka Uhamiaji. Daraja B ni la mtu aliyeajiriwa. Daraja C ni la wengine, kama wanafunzi na watafiti. Wawekezaji wakubwa wana njia yao: sheria ya uwekezaji ya mwaka 2022 ilitaka mgeni awe na mtaji wa dola 500,000 ndipo apewe cheti cha uwekezaji, na tangu Julai 2025 kazi hiyo imo mikononi mwa mamlaka mpya iitwayo TISEZA. Lakini mkweo hana dola 500,000. Kama angekuwa nazo, asingehitaji jina lako.

Sasa tuje kwenye jambo la tatu, ambalo ndilo lenye moto. Wafanyabiashara wa Kariakoo walilalamika kwa muda mrefu kwamba wageni wameshika hata biashara ndogo ndogo. Basi mwishoni mwa Julai 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara alitoa amri ya kuwakataza wasio raia aina 15 za biashara. Miongoni mwake ni kuuza jumla na rejareja (isipokuwa maduka makubwa ya kujihudumia), kutuma na kutoa fedha kwa simu, kutengeneza simu, saluni, uchimbaji mdogo wa madini, udalali, viwanda vidogo, na kununua mazao shambani.

Soma tena hayo ya mwisho. Duka la njia panda limo. Mahindi ya shambani yamo. Yote mawili aliyokuja nayo mkweo yametajwa, hata angekuwa na kibali cha daraja A mfukoni.

Adhabu ya mgeni ni faini isiyopungua shilingi 10,000,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au yote mawili, tena hufutiwa viza na kibali chake. Na raia anayemsaidia? Ameandikwa vilevile: faini ya shilingi 5,000,000 au kifungo cha miezi mitatu. Raia huyo ndiye wewe, baba, uliyeazima jina. Ng'ombe wangapi wanatosha kulipa shilingi 5,000,000? Wahesabu zizini mwako kabla ya kuishika kalamu.

Utasema, "Je, si tuna Soko la Pamoja?" Tunalo. Lilianza tarehe 1 Julai 2010, na mapatano yake yanataja haki ya raia wa Jumuiya kuanzisha biashara katika nchi nyingine mwanachama. Ndiyo maana serikali ya Kenya ililalamika mara amri hiyo ilipotoka. Kwangu mimi malalamiko hayo yana haki ndani yake. Lakini ugomvi wa serikali na serikali huamuliwa na wakubwa mezani, na askari akija njia panda atakuuliza leseni ni ya nani na fedha ni za nani. Wala usidhani upande wa pili kuna uwanja mtupu: Kenya humtaka mgeni anayeomba kibali cha biashara cha daraja G aonyeshe mtaji wa dola 100,000.

Je, mkweo arudi mikono mitupu? La. Anunue mazao kwa raia mwenye leseni na ghala mjini, wala asipite shamba kwa shamba. Mzigo wa mazao ya Afrika Mashariki usiozidi thamani ya dola 2,000 una hati yake nyepesi ya kuonyesha asili ya mali, nayo hutolewa mpakani; kwa hati hiyo huvuka bila ushuru wa forodha. Auze kwao, katika duka lake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe. Nawe, kama wataka biashara, chukua leseni yako kwa fedha zako, ukusanye mahindi ya jirani zako, umwuzie yeye kwa risiti.

Kabla ya hayo, nendeni wawili, wewe na yeye, kwa afisa biashara wa wilaya. Mwombeni awaonyeshe amri yenyewe iliyochapwa, na kama imebadilika tangu Julai 2025 mtaona hapo hapo. Mkweo achukue pasi yake yenye muhuri. Leseni iacheni kwanza.